Majina ya Mwenyezi Mungu ni ya kuombea

Kwenye makundi ya WhatsApp ya Waislamu wa huku kwetu kuna ujumbe ambao haufi. Unakuambia usome Yaa Razzaaq (ewe Mwenye kuruzuku) mara 308 baada ya alfajiri, riziki ifunguke. Ukiupuuza leo, kesho utaletewa mwenzake: Yaa Wahhaab (ewe Mpaji) mara 14, Yaa Fattaah (ewe Mfunguzi) mara 489 kwa anayetafuta kazi, Yaa Latiif (ewe Mpole) mara 129 kwa mwenye dhiki. Mara nyingine chini yake huwekwa namba ya simu, kwa atakayetaka "siri" yenyewe kwa malipo. Na ubaya zaidi ni ule wa Yaa Qahhaar (ewe Mwenye kushinda wote) mara 306, anaosomewa jirani au mke mwenza ili apatwe na balaa.

Nasema wazi kwamba biashara hii inanikera, na nadhani tumeinyamazia mno.

Hesabu hizo hazikutoka katika Qur'ani wala katika hadithi sahihi. Zinatokana na abjadi, mfumo wa zamani wa kuipa kila herufi ya Kiarabu thamani ya namba. Raa ni 200, zaa ni 7, alifu ni 1, qaafu ni 100. Ukijumlisha unapata 308, basi ukaambiwa Razzaaq husomwa mara 308. Hakuna zaidi ya hapo. Wapo watu wa twarika, yaani vyama vya Kisufi, wanaosoma Yaa Latiif kwa idadi kama nidhamu ya dhikri waliyoipokea kwa masheikh wao, wakiketi pamoja kwa unyenyekevu. Ugomvi wangu hauko nao. Uko na anayemuuzia mama mwenye shida idadi fulani, akamwekea dhamana ya matokeo, na yasipotokea akamwambia alikosea kuhesabu. Hapo jina la Mola limegeuzwa hirizi.

Qur'ani yenyewe imetuambia majina haya ni ya nini. Katika Surat Al-A'raf, aya ya 180, tunaambiwa kuwa Mwenyezi Mungu ana majina mazuri kabisa, basi tumwombe kwayo, na tuwaache wale wanaoyapotoa. Kumwomba kwayo, basi. Na namna ya kuomba hatukuachiwa tubuni, kwa sababu dua za Mitume zimejaa humo humo ndani ya msahafu.

Mtazame Nabii Ayyub. Ugonjwa umemwandama, na dua yake katika Surat Al-Anbiyaa, aya ya 83, ni fupi mno: imenigusa dhara, nawe ndiye unayerehemu kuliko wote wanaorehemu. Hata hakusema "niponye". Alieleza hali yake, akamtaja Mola kwa rehema Yake, akanyamaza. Aya inayofuata inasema alijibiwa.

Aya chache mbele yupo Nabii Zakariya, mzee asiye na mtoto. Anasema: Mola wangu, usiniache peke yangu, nawe ndiye mbora wa wanaorithi. Hapa mimi husimama kila nikipasoma. Mtu anatafuta mrithi, na sifa anayomwitia Mola wake ni ya urithi. Ni kama anakiri kwamba hata asipopewa mtoto, kila kitu kitarejea kwa Mrithi wa kweli. Huo ni upole wa dua ambao huwezi kuupata kwa kuhesabu tasbihi. Unaupata kwa kumjua unayezungumza naye.

Nabii Suleiman alipoomba ufalme ambao hatakuwa nao mwingine baada yake, alimalizia kwa Al-Wahhaab, Mpaji. Nabii Ibrahim na Ismail, walipokuwa wakiinua misingi ya Al-Kaaba, waliomba wakubaliwe kazi yao, wakamalizia kwa Msikivu, Mjuzi. Bibi Aisha alimuuliza Mtume (s.a.w.) aseme nini akiujua usiku wa Laylatul Qadri, akafundishwa kumwita Mola kwa Al-Afuww, Msamehevu anayependa kusamehe, kisha aombe msamaha. Kila mahali jina limefuata haja.

Waarabu wa jangwani waliijua hisia hii hata bila kusoma. Husimuliwa kwamba Al-Asma'i, yule bingwa wa lugha, alikuwa akisoma aya ya 38 ya Surat Al-Maida, inayohusu adhabu ya mwizi, akateleza na kuimalizia kwa "Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu". Bedui mmoja aliyekuwa akisikiliza akauliza: haya ni maneno ya nani? Akajibiwa ni ya Mwenyezi Mungu. Akaomba yarudiwe. Al-Asma'i alipogundua kosa lake akasoma ilivyo: "Mwenye nguvu, Mwenye hekima". Bedui akasema sasa yamekaa sawa, kwani angesamehe na kurehemu asingeamrisha kukata. Hakuwa amehifadhi aya hiyo. Alikuwa anaelewa majina yanabeba nini, basi.

Sasa kuna jambo ambalo walimu wetu wengi wanalijua lakini hawalisemi mbele ya watoto. Hadithi ya Abu Huraira kwamba Mwenyezi Mungu ana majina 99, na atakayeyadhibiti ataingia Peponi, ni sahihi. Imo kwa Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi wanaoaminiwa zaidi. Wanazuoni wameeleza kuwa kuyadhibiti ni kuyahifadhi, kuyafahamu na kuishi kwa mujibu wake. Lakini ile orodha iliyobandikwa kwenye kuta za sebule zetu, inayoanza na Ar-Rahmaan na kumalizikia As-Sabuur, haimo kwa Bukhari wala Muslim. Imo kwa Tirmidhi, mkusanyaji mwingine wa hadithi, naye mwenyewe aliiita hadithi hiyo gharibu, yaani iliyopokewa kwa njia moja tu, na mabingwa wa hadithi kama Ibn Hajar waliona kuwa orodha imeingizwa na wapokezi. Ibn Majah, naye mkusanyaji wa hadithi, ana orodha nyingine, na hazilingani.

Sisemi orodha hiyo itupwe. Majina yaliyomo mengi yana ushahidi katika Qur'ani, na imewasaidia Waislamu kuhifadhi kwa karne nyingi. Nasema tusiifanye ukuta. Itafute Ar-Rabb, Mola, ndani yake, hutaipata, ilhali dua nyingi za Mitume katika Qur'ani zinaanza na Rabbi (Mola wangu) au Rabbanaa (Mola wetu). Itafute Ash-Shaafii, hutaipata pia. Lakini Mtume (s.a.w.) akimzuru mgonjwa alikuwa akimpangusa kwa mkono wa kulia huku akisema: "Adhhibil ba'sa, Rabban-naas, washfi, antash-Shaafii", ondoa taabu, ewe Mola wa watu, na uponye, Wewe ndiye Mponyaji. Bibi Aisha ndiye aliyeisimulia, na hadithi ni sahihi. Mama anayetumiwa namba ya simu kwa ajili ya mtoto wake mgonjwa ana dua hii bure, iliyotoka kinywani mwa Mtume mwenyewe, na kuna uwezekano mkubwa hakufundishwa.

Na tena katika Musnad, mkusanyo wa hadithi wa Imamu Ahmad, kuna dua ya mwenye huzuni, iliyopokewa na Ibn Mas'ud, ambamo mja anamwomba Mola kwa kila jina Alilojiita, au Alilomfundisha mmoja wa viumbe Wake, au Alilolihifadhi kwenye elimu ya ghaibu iliyoko Kwake. Kwa hiyo yapo majina ambayo hakuna kiumbe ayajuaye. Anayedai kukuuzia jina la siri anakuuzia asichonacho.

Niguse na majina tunayowapa watoto. Mtume (s.a.w.) alisema majina yapendwayo zaidi na Mwenyezi Mungu ni Abdullah na Abdurrahman, na pwani yetu yote imeitikia: Abdulrazak, Abdulkadir, Abdulsamad, Abdulwahab. Kisha mtaani tunalikata lile "Abdul", yaani mja wa, mtoto akabaki Razaki, Samadi, Wahabu. Si kila jina lina uzito sawa hapa. Karimu, Rahimu na Azizi wanazuoni hawakuona tatizo kuitwa mwanadamu, na Qur'ani imemsifu Mtume mwenyewe kuwa ni mpole, mwenye huruma, kwa maneno ra'uuf na rahiim. Lakini Ar-Rahmaan (Mwingi wa rehema), Ar-Razzaaq, As-Samad (Mkusudiwa kwa haja zote) ni Yake peke Yake. Najua wanaokata hawana nia mbaya, ni mazoea ya ulimi tu. Hata hivyo mtu aliyepewa jina la mja asivuliwe uja na marafiki wa barazani. Ukitaka kufupisha, mwite Abdu.

Naomba walimu wa madrasa wanisikilize kwa hili. Watoto wetu wanaimba majina 99 kwa sauti nzuri siku za Maulidi, na mimi ni miongoni mwa wanaolengwa na machozi wakiwasikia. Tuwaongezee kuomba kwayo. Mwalimu achukue jina moja kwa wiki: maana yake, aya moja lilipotajwa, na dua moja ya haja halisi ya mtoto. Kuna mtoto ana homa, darasa zima limwombee kwa Ash-Shaafii. Mmoja amempiga mwenzake, wafundishwe Al-Afuww na wasameheane pale pale. Wiki ya mitihani iwe ya Al-Aliim, Mjuzi, pamoja na "Rabbi zidnii ilmaa", Mola wangu nizidishie elimu, ya Surat Taha, aya ya 114. Jina moja kwa wiki, majina 99 huchukua karibu miaka miwili, na watoto wengi hukaa madrasa kwa muda mrefu kuliko huo.