Gari la IT na abiria wa njiani

Alfajiri pale Mbezi, Dar es Salaam, gari dogo kutoka Japani linasimama mbele kidogo ya kituo. Viti bado vina nailoni, kiooni kuna karatasi yenye herufi IT, yaani "In Transit", gari la kupita tu nchini. "Mbeya, wawili," dereva anasema kwa sauti ya chini, na watu wawili wanaingia upesi kama wanaomkwepa mdai.

Gari hilo halijasajiliwa Tanzania wala halitasajiliwa. Linakwenda Zambia au Kongo, na kibali chake ni cha kupita tu. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 na kanuni zake zinalipatia siku 30 kuvuka mpaka, na wakala wa forodha ameliwekea dhamana ya kodi. Biashara ya abiria haimo.

Wanaotaka marufuku ya kubeba abiria isimamiwe kwa mkono wa chuma wana hoja. Gari likipinduka kwenye mteremko wa Kitonga, abiria asiye na tiketi atamdai nani? Mwenye mali yuko Lubumbashi, dereva ni wa kukodiwa kwa safari moja, na kampuni ya bima itauliza kwanza watu hao walikuwa wanafanya nini mle ndani. Trafiki akiuliza, jibu ni lilelile: "Ndugu zangu hawa, afande." Ndugu waliojuana dakika arobaini zilizopita!

Lakini msikilize dereva naye. Analipwa kwa safari, mafuta kapimiwa, na akishakabidhi gari Tunduma, mpakani mwa Zambia, nauli ya kurudi inamhusu mwenyewe. Vichwa viwili vitatu ndiyo posho yake.

Mimi naona abiria wanalaumiwa kupita kiasi kwa hatari ya magari haya. Hata likiwa tupu, gari la IT hukimbia, kwa sababu malipo ya kuhesabu safari humfanya dereva azimeze kilomita zaidi ya 900 bila kulala. Kibali kingegongwa muhuri wenye saa Morogoro, Iringa na Mbeya, anayewahi mno angejieleza, na wakala wake pia. Wengine wanasema magari yapakiwe kwenye malori maalumu. Ni salama zaidi, sikatai, ila gharama itamwangukia mnunuzi wa Zambia, ambaye anaweza kuagizia kupitia bandari ya Durban au ya Walvis Bay.

Kwa sasa, dereva aliyefika Tunduma jioni anapanda basi la usiku kurudi Dar. Kesho kutwa ana gari jingine.