Ermac Alizaliwa na Tetesi

Katika Mortal Kombat ya kwanza, gemu ya kupigana ya mwaka 1992 iliyochezwa kwenye mashine za kutia sarafu, neno ERMACS lilikaa mahali ambapo mchezaji wa kawaida hakutarajiwa kuchungulia: ukurasa wa hesabu za mashine, unaofunguliwa na fundi au mwenye mashine. Lilikuwa kifupisho cha waandika programu, cha kuhesabu hitilafu. Wachezaji walilisoma kama jina la mtu. Zikaenea habari za ninja mwekundu aliyefichwa humo ndani, na wengine wakaapa kwamba wamepigana naye. Ninja huyo hakuwapo. Mwaka 1995 waundaji wakamtia kwenye Ultimate Mortal Kombat 3, mwekundu vilevile, kwa jina lilelile. Mwaka 2024 akaingia Mortal Kombat 1, ambayo licha ya jina lake ni gemu mpya ya 2023, kama mpiganaji wa kupakua, yaani anayeongezwa baada ya gemu kutoka. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kubashiri mpiganaji ajaye, yule atakayeongezwa kwenye gemu ya kupigana, ni kupoteza muda. Anayebashiri kwa dhati analazimika kuijua gemu yake: nani yumo, kila mmoja anapigana vipi, nani anatisha kwa mbali na nani ana kwa ana, na kipi ambacho hakuna hata mmoja anayekifanya. Mimi nimejifunza mengi kuhusu Street Fighter na Tekken kwa kubishana juu ya watu ambao hawakuja kabisa.

Kinachonisikitisha ni kwamba wengi wetu tunaanza na umaarufu. Tunauliza nani anapendwa, nani ana filamu, kampuni gani ni rafiki wa kampuni gani. Kwa hesabu hiyo, nani angemtaja Negan wa The Walking Dead, na rungu lake lililozungushiwa waya wa miba, aingie Tekken 7? Alikuja mwaka 2019. Mimi naona heri kuanza na pengo. Steve wa Minecraft, gemu ya kuchimba na kujenga kwa matofali, ndiye mfano ninaoupenda kuliko yote. Kwa miaka mingi aliyemtaja kwenye Smash Bros., gemu ya Nintendo inayopiganisha wahusika wa gemu mbalimbali, alionekana hajui anachosema, maana mtu wa matofali atapigana vipi? Alipofika mwaka 2020 alikuwa anachimba ardhi ya uwanja, anatengeneza silaha kwa alichochimba na kujijengea ngazi hewani huku mpinzani anamkimbilia. Mwongozaji Masahiro Sakurai alieleza kwamba viwanja vyote vililazimika kufanyiwa kazi upya ili Steve aweze kuchimba. Hapo ndipo penye thamani ya mpiganaji wa nyongeza: amekuja na swali ambalo gemu haikuwa nalo.

Mapema mwaka huohuo alitangazwa kwa Smash Bros. Byleth, kutoka mfululizo wa gemu za Fire Emblem, na malalamiko yakawa mengi. Niliyaelewa. Fire Emblem tayari ilikuwa na wapiganaji wengi humo, na wengi wao wa upanga. Lakini waliomtazama vizuri waliona kwamba Byleth ana mkuki, shoka na upinde pia, na kwamba ni mzito wa mwendo na hodari wa kupiga kwa mbali. Walioumia zaidi ni waliokwisha kumhesabu Dante wa gemu ya Devil May Cry ndani, kana kwamba waliahidiwa.

Hakuna aliyekuwa amewaahidi. Sakurai alikuwa ameshasema tangu Novemba 2018 kwamba wapiganaji watano wa awamu ya kwanza ya nyongeza wamekwisha kuchaguliwa, na aliyewachagua ni Nintendo. Kampeni zote zilizofuata zilikuwa zinagonga mlango ambao ulishafungwa. Mpiganaji mmoja ni kazi ya miezi mingi: miondoko, sauti, vipimo vya kila pigo, na kwa mgeni wa gemu nyingine, mikataba ya haki. Kumtukana mwundaji siku ya trela ni ukatili usiobadilisha chochote.

Na waghushi nao. Oktoba 2018 ilisambaa picha ya bango la Smash Bros. Ultimate lililoonyesha wahusika wa gemu nyingine kama Banjo, Geno, Shadow na Ken, kana kwamba nao wamo. Kilichowasadikisha watu ni kwamba pembeni yake palionekana vifaa vya matangazo ya filamu ya The Grinch iliyokuwa bado haijatoka. Watu waliamini kwa moyo wao wote, hadi tangazo rasmi la tarehe 1 Novemba. Ken alikuwamo kweli, na Banjo alikuja mwaka 2019 kwa njia yake. Geno na Shadow hawakupata nafasi ya kupigana. Tetesi ya Ermac ilitokana na watu waliosoma vibaya kitu halisi, ikawaachia mhusika. Picha ile ilitengenezwa ili kudanganya, na iliwaachia watu huzuni tu.

Mimi namtaka Q. Yule mtu wa koti refu na kinyago cha chuma kutoka Street Fighter III: 3rd Strike ya 1999. Hakuwamo katika IV wala V, ingawa mhusika aitwaye G alipoingia V mwaka 2018 wengi tuliona mikao ya Q ndani yake na mjadala haujaisha. Katika Street Fighter 6 mtu hukurupuka kutoka upande wa pili wa uwanja kwa Drive Rush, mbio za ghafla za kumfikia mpinzani, na kukubana kabla hujavuta pumzi. Q ni mzito na anatembea polepole. Katika 3rd Strike, kila akikamilisha ishara yake ya kumchokoza mpinzani, mwili wake unakuwa mgumu zaidi kuumizwa, hadi mara tatu. Kwa hiyo anayemcheza hutumia mwanya wa kwanza anaoupata, badala ya kushambulia, kusimama na kufanya ishara. Mpinzani wa Street Fighter 6 angelazimika kuamua: amkimbilie amzuie, au amwache amalize. Swali hilo ndilo ninalotaka kuulizwa.