Karatasi ya vipimo vya macho ni mali ya mwenye macho

Mdogo wangu anasoma Minnesota, Marekani. Aliteleza kwenye barafu akitoka darasani, miwani ikakatika katikati, tena wiki ya mitihani. Bila miwani haoni ubaoni. Alichotaka kutoka nyumbani ni namba za vipimo vya macho yake tu, basi. Nikaenda kwenye duka la miwani hapa Dar alikopimwa kabla ya kusafiri, naye nikamweka kwenye simu ya video ili wamwone ni yeye mwenyewe anayeomba. Jibu: "Vipimo huwa hatutoi, dada yangu, vinabaki kwetu. Akirudi aje tumtengenezee."

Mtu amekwenda kusoma miaka minne, anaambiwa akirudi!

Hasira yangu haijapoa. Tulilipia kipimo, tukalipia fremu, tukalipia na lenzi. Macho ni yake. Kwa haki gani namba za macho yake zifungiwe kwenye daftari la duka? Huko aliko, maduka yanataka karatasi ya vipimo kabla ya kukutengenezea chochote, na kupimwa upya kuna gharama yake kabla hujaigusa fremu. Bima yake ya mwanafunzi haihusu miwani. Na ni Marekani hiyohiyo ambako tangu 1978 kanuni inamtaka anayekupima akukabidhi karatasi yako akimaliza tu, uombe usiombe, bila kukudai ada ya ziada. Uingereza nako unapewa papo hapo. Sisi tunaipigia magoti.

Namba hizo hazihitaji mkalimani. SPH (nguvu ya lenzi), CYL (nguvu ya kurekebisha jicho lisilo na mviringo sawa) na AXIS (pembe ya hiyo CYL) zinasomeka vilevile kila mahali, -3.25 ya Kariakoo ndiyo -3.25 ya Muscat, na ndiyo ya Guangzhou wanakokwenda wafanyabiashara wetu. Mwenye karatasi anaingia dukani ugenini, anaiweka mezani, kazi inaanza hata kama hawaelewani lugha. Hakikisheni na PD imeandikwa, yaani umbali kati ya mboni na mboni kwa milimita, maana hiyo husahaulika mara nyingi. Mnaovaa lenzi za macho, dai karatasi ya pili. Lenzi hukaa juu ya jicho lenyewe na miwani hukaa mbali nalo kidogo, kwa hiyo namba zikiwa kubwa nguvu yake hailingani. Tena lenzi ina mkunjo na kipenyo chake, mathalani 8.6 na 14.2, na hivyo huvikuti kwenye karatasi ya miwani.

Najua wenye maduka wanaogopa nini. Kwa wale wasiotoza kipimo, mtu anapimwa bure, kisha anabeba karatasi kwenda kununua kwa jirani. Sawa, hilo nalikubali. Basi tozeni ada ya kipimo, ibandikwe ukutani kila mtu aione, halafu mtoe karatasi. Nakubali pia kwamba macho hubadilika na karatasi ya zamani sana haifai. Lakini hilo ni jambo la kumwambia mteja huku unampa karatasi yake.

Mnaosafiri, pigeni picha karatasi hiyo na mwachie mtu wa nyumbani nakala. Miwani ya akiba iwe kwenye begi la mkononi, kamwe isiwe kwenye sanduku linalopakiwa chini. Ndani ya ndege hewa ni kavu mno, kwa hiyo safari ndefu vaeni miwani, lenzi zipumzike.

Na maji. Hapa nawasihi kwa moyo wangu wote. Maji ya bomba ya Ulaya yanaweza kuwa safi ya kunywa, lakini si ya kuoshea lenzi, wala kikasha chake. Ya chupa nayo hayafai. Kuna kijidudu cha majini kiitwacho Acanthamoeba ambacho kikipata nafasi chini ya lenzi hula konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, kwa maumivu makali, na tiba yake huchukua miezi. Wapo waliopoteza uwezo wa kuona. Kwa hiyo zivueni kabla ya kuoga na kabla ya kuogelea, na mikono iwe mikavu kabisa kabla ya kuzigusa. Dawa ya lenzi ikiisha mkiwa ugenini usiku na maduka yamefungwa, zitupeni, mvae miwani mpaka asubuhi.