Sajini Meja Asiye na Jina pale Colito

Tarehe 19 Mei 1941, katika Vita Kuu ya Pili, kusini mwa Ethiopia, batalioni ya 1/6 ya Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) ilivuka Mto Billate na kujishikiza ukingo wa pili, pale Colito. Waitaliano wakawarudia na vifaru. Sajini Nigel Leakey, Mzungu mzaliwa wa Kenya, alikuwa ameshamaliza makombora ya mota yake. Akakidandia kifaru kimoja, akakifungua kwa nguvu, akawapiga kwa bastola waliokuwamo ila dereva, akamlazimisha akiendeshe hadi mafichoni. Alijaribu mzinga wake, ukagoma. Basi akashuka na kuviendea vingine kwa miguu. Viwili vikapita. Alipokwea cha tatu, cha nne kikamwangusha kwa bunduki ya rashasha.

Haya yamo katika tamko rasmi la Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, aliyotunukiwa, lililochapishwa katika London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, tarehe 15 Novemba 1945. Sitaki kumpunguzia hata chembe. Ila lisome tena polepole. Alipokwenda kuviwinda vile vifaru alifuatana na sajini meja wa kombania, Mwafrika, na askari wengine wawili. Cheo kimetajwa, idadi imetajwa, majina hakuna.

Wengi husema huo ni ubaguzi wa enzi ile, wakaishia hapo. Ubaguzi ulikuwepo, nani abishe? Lakini jibu hilo linatuzuia kuona jinsi mtambo wenyewe wa nishani ulivyofanya kazi, na mtambo huo ungewaacha watu nje hata ukiendeshwa na mtu mwenye nia njema.

Pendekezo la nishani katika jeshi la Uingereza wakati wa vita ile liliandikwa kwenye fomu W.3121. Fomu moja, mtu mmoja: namba, cheo, jina, kikosi, alichotenda, nishani anayoombewa. Tendo la watu wanne likishaingia humo, mmoja anabaki mhusika na watatu wanageuka mandhari. Fomu ilipanda kutoka kombania kwenda batalioni, brigedi, divisheni na kuendelea juu, na kila ngazi iliweza kuishusha daraja au kuikataa. Kwa Victoria Cross walitakiwa pia mashahidi wa macho, kwa desturi watatu, kila mmoja na maelezo yake yaliyotiwa saini. Sasa jiulize ndani ya Keya nani alikuwa na kalamu. Maofisa walikuwa Wazungu. Askari aliyeona tendo alilisimulia kwa Kiswahili, ofisa akaliandika kwa Kiingereza. Kama ofisa huyo aliuawa, au alikuwa bado ng'ambo ya mto, habari haikuwa na mtu wa kuipandisha.

Kanuni iliyouma zaidi, na ambayo haitajwi sana, ni ile ya wafu. Hadi 1979, marehemu hakuweza kupewa DCM (Distinguished Conduct Medal) wala Military Medal, yaani nishani zenyewe walizokuwa wakipewa askari wa kawaida. Aliyekufa alikuwa na mambo mawili tu mbele yake: Victoria Cross, au kutajwa katika ripoti ya kamanda. Katikati hakuna kitu. Ofisa mwenye askari aliyekufa kishujaa alilazimika kuomba kikubwa kabisa, kwa ushahidi mzito, au kuridhika na mstari mmoja wa jina. Mwaka 1940 huko Somaliland, kwenye pengo la Tug Argan, Kapteni Eric Wilson wa Camel Corps, kikosi cha ngamia cha Waingereza huko, aling'ang'ania bunduki yake ya rashasha kwa siku kadhaa akiwa na majeraha na malaria. Ubavuni mwake aliuawa sajini wake Msomali, Omar Kujoog. Victoria Cross ya Wilson ilitangazwa Oktoba mwaka uleule, akidhaniwa amekufa. Baadaye akapatikana hai katika kambi ya wafungwa ya Waitaliano, na miaka ya baadaye alifanya kazi ya utawala Tanganyika. Kwa Omar, DCM ilikuwa imeshafungwa na kifo.

Leakey naye alisubirishwa miaka minne na nusu, na yeye ni mtu aliyekuwa na jina.

Nitakubali hoja moja ya upande wa pili: askari wa Keya walipata nishani nyingi. Hadi 1942 walikuwa hata na DCM yao ya pekee, kando na ile ya Waingereza. Hapo napo kuna la kusema, maana medali mbili za ushujaa uleule ni mizani miwili.

Linganisha na Beni, Novemba 2018. Chancy Chitete, askari wa Malawi katika kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Kongo, alimvuta mwenzake wa Tanzania aliyejeruhiwa, Koplo Ali Khamis Omary, hadi mahali salama, kisha yeye mwenyewe akapigwa risasi akafa. Mwaka 2019 alitunukiwa medali ya Kapteni Mbaye Diagne, ya ushujaa ya Umoja wa Mataifa, iliyoanzishwa na Baraza la Usalama mwaka 2014. Mwokozi ana jina na aliyeokolewa ana jina.

Kwa mwenye babu aliyekuwa Keya: mapendekezo ya nishani yamo katika hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, fungu WO 373. Usianze na jina. Liliandikwa jinsi karani alivyolisikia, r ikawa l, jina la baba likawa la ukoo. Anza na namba ya askari kama familia inayo kwenye cheti cha kuachishwa jeshi, au batalioni pamoja na mwaka, halafu soma na fomu za maofisa na masajini wake, kwa sababu mara nyingi babu yako yumo humo, ameandikwa tu "askari".