Misitu pekee haielezi mvua za vuli

Makala ninayoijibu hapa inadai kwamba mvua za vuli Afrika Mashariki zimevurugika kwa sababu ya ukataji wa misitu ya milimani. Dai hilo lina ukweli wake, lakini linaeleza sehemu ndogo tu. Mvua hizo hutawaliwa zaidi na Bahari ya Hindi: maji ya magharibi, karibu na pwani yetu, yanapopata joto kuliko kawaida huku yale ya upande wa Indonesia yakipoa, mvuke mwingi huinuka kwetu na mafuriko hufuata, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 1997 na 2019; hali inapogeuka, hasa ikiambatana na La Niña (kupoa kwa maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta), huja ukame kama ule wa 2020 hadi 2022. Milima nayo ina nafasi yake, kwani miteremko ya kusini ya Kilimanjaro hukinga pepo zenye unyevunyevu na kustawisha migomba, ilhali Amboseli, kaskazini mwa mlima, ni pakavu. Aidha, mwandishi wa makala hiyo angetenganisha mabadiliko haya ya miaka michache na ongezeko la joto duniani, ambalo chanzo chake kikuu ni uchomaji wa makaa ya mawe, mafuta na gesi, wala si panga la mkulima anayekata miti katika milima ya Usambara.