Kinyago cha kisogoni

Baba yangu mdogo akija Tabora mjini kuuza asali, mwezi wa saba, hulala kwetu, na baridi ya mwezi huo si ya mchezo. Tunampa lile blanketi zito la wageni, lenye mnyama wa rangi ya chungwa na milia myeusi. Bibi humwita simba. Watoto humwita chui. Mwaka huu nikajifanya mwalimu: jamani, huyu ni chui milia, kwao ni Asia, mapori ya Afrika hayamjui.

"Sasa huko kwao anaishi na nani?" akauliza baba mdogo.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kutaja idadi: waliobaki porini ni kama 5,600 dunia nzima, zaidi ya nusu wako India. Mzee alitaka kujua majirani.

Nikamsimulia Sundarbans, msitu wa mikoko ulioko India na Bangladesh, ambako warina asali wenzake huingia kama yeye anavyoingia miombo ya Sikonge. Kwanza humwomba Bonbibi, mlinzi wa msitu, Wahindu kwa Waislamu. Na kwa kuwa chui milia hupenda kumvamia mtu kwa nyuma, miaka ya 1980 walianza kuvaa kinyago cha uso wa mtu kisogoni, mnyama adhani anatazamwa. Baba mdogo alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akauliza, "Alidanganyika muda gani?"

Miaka michache tu, nikamwambia.

"Eeh. Si mjinga huyo."

Neno hilo lina heshima kuliko picha zote za watu waliopakata watoto wa chui milia. Marekani walilazimika kutunga sheria, Desemba 2022, kuzuia watu kuwafuga majumbani na wageni kuwashikashika. Halafu kuna wale weupe, wanaosifiwa kuwa adimu. Wengi wa walio mabandani ni ukoo wa dume mmoja, Mohan, aliyekamatwa India mwaka 1951, akapandishwa kwa binti yake mwenyewe ili weupe upatikane. Mfugaji yeyote wa mbuzi kule Uyui angewaonya bure.

Wapo wanaosema mabanda ndiyo yatakayomwokoa. Sikubali. Maelfu wako mabandani tayari, na ujangili haujakoma. Anachohitaji ni msitu wenye windo. Ila najua mimi nasema haya nikiwa salama. Kule Sundarbans kuna wanawake wanaoitwa wajane wa chui, waume zao waliuawa na mnyama huyu, na gharama ya msimamo wangu wanailipa wao. Hilo sina jibu lake la haraka.

Asubuhi nilipompelekea uji nikakuta blanketi limegeuzwa, mnyama akiwa chini.

"Shikamoo baba. Vipi tena?"

"Marahaba mwanangu. Alikuwa ananitazama."