Frozen Ipi, Bosi?

Mbukwenyi! Hivi dunia iliishiwa majina lini, mbona hatukutangaziwa?

Mtoto analilia Frozen, ile katuni ya malkia Elsa. Haya. Unachukua flashi, unashuka mpaka kibanda cha muvi karibu na soko la Majengo, unamwambia kijana akuwekee. Anakuwekea. Usiku watoto wamejipanga mkekani wanamsubiri Elsa. Elsa haji ng'o! Wanaona vijana watatu wamenasa kwenye kiti kinachoning'inia juu ya mlima wa theluji, baridi inawakausha kama nyama ya kubanika, na chini mbwamwitu wanangoja kitoweo kidondoke. Hiyo ni Frozen ya Adam Green, 2010. Ya Elsa ni ya Disney, 2013.

Usimgombeze kijana. Picha ya mbele ni theluji kote kote, na urefu nao hausaidii: moja dakika 93, nyingine 102. Kilichokuwa kinazitenganisha ni mwaka, na mwaka ndio wanaoufuta wa kwanza wanapofupisha jina la faili.

Eti basi utaje mwaka. Sawa, taja Crash. Ile ya Paul Haggis, iliyopata Oscar ya filamu bora, wengine wanaiandika 2004 kwa sababu ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha, wengine 2005 ilipoingia kumbi za Marekani. Hapo utaje na mwongozaji, maana kuna Crash nyingine ya 1996 ya David Cronenberg, ambamo watu wanapandwa na ashiki wakiona ajali za magari. Hiyo usiiwashe wakwe wakiwa wamekuja kutoka Kondoa.

Na usikimbilie kushtaki. Hakimiliki inalinda kazi yenyewe, jina hailindi. Ofisi ya hakimiliki ya Marekani majina matupu haiyasajili kabisa. Studio kubwa za Hollywood zina daftari lao la kuandikisha majina ya filamu tangu 1925, lakini linawabana waliojiandikisha humo tu.

Wanamuziki ndio usiseme. Peter Gabriel alitoa albamu nne mfululizo, 1977, 1978, 1980 na 1982, zote akaziita Peter Gabriel. Wanne pacha! Bendi ya Weezer nao wana sita zinazoitwa Weezer, na mashabiki wanazitaja kwa rangi ya jalada: ya bluu ya 1994, ya kijani ya 2001, nyekundu ya 2008, kama mfugaji wa Bahi anavyotaja ng'ombe wake. Tofauti ni kwamba ng'ombe akipotea unamjua kwa mbali. Nyimbo zikishaingia kwenye simu, albamu zote sita zinamwagwa zizi moja, wimbo namba moja unafuatwa na namba moja mwingine.

Vitabu? H. G. Wells aliandika The Invisible Man mwaka 1897, mtu aliyejifanyia sayansi akatoweka machoni. Ralph Ellison akaja na Invisible Man mwaka 1952, Mmarekani mweusi ambaye watu wanakataa kumwona. Kwa Kiingereza wametenganishwa na hicho kijineno cha mbele, The. Sisi hicho kijineno hatuna, kwa hiyo kwetu wote wawili ni Mtu Asiyeonekana, mkamtafute wenyewe. Kitabu angalau kigeuze nyuma usome ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu: kwa vya siku hizi ni tarakimu 13, mara nyingi inaanza na 978, na ukiona 9976 au 9987 inafuata, hicho ni cha Tanzania. Ila vya zamani sana havina hiyo namba, na toleo jipya huja na namba mpya.

Na majina mafupi ya Kiswahili nayo yana mambo yake. Mohamed Suleiman Mohamed ana riwaya yake ya 1972, Kiu. Sasa ingia duka la vitabu hapa Dodoma mwezi wa kumi, jua limekaa utosini, umuulize muuzaji, "Samahani, mna Kiu?"

Atajifuta jasho kwanza. "Sana kaka, tangu asubuhi. Umetuletea maji?"